Mama Funguo na Barua Tisa

Wasikilizaji wapendwa, kila Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, mama mmoja aliingia darasa la kwanza kwa mlango wa nyuma. Hakubisha hodi. Alisubiri watoto wainamie madaftari yao. Kisha aliziachia funguo zake, kumi na moja katika pete moja ya chuma, zikaanguka sakafuni. Watoto waligeuka. Yeye akasema, samahani wajukuu zangu, mikono imezeeka. Akaziokota, akaenda zake. Jumatatu iliyofuata alikuwa shule nyingine, na mikono ikazeeka huko pia.

Wiki tatu zilizopita, funguo zilianguka mapema. Zilianguka ukumbini, kabla hajaufikia mlango. Na safari hii hakuziokota.

Mwalimu wa darasa aliusikia mlio. Watoto arobaini na wawili walikuwa mbele yake. Arobaini na mmoja waligeukia mlango. Mmoja hakugeuka. Ni msichana wa dawati la tatu, karibu na dirisha. Aliendelea kuandika. Mwalimu alimwona, kisha akakimbia nje.

Huyo mtoto mkumbukeni. Nitarudi kwake.

Leo tunamkumbuka Mama Funguo. Alikuwa afisa wa ustawi na ujumuishi wa wanafunzi katika wilaya yetu. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: afisa wa ustawi na ujumuishi wa wanafunzi. Shule thelathini na moja, afisa mmoja. Ukimuuliza kazi hiyo ni kazi gani, alijibu kwamba ni kuhakikisha mtoto aliye darasani yumo darasani kweli, si sare yake tu.

Funguo zile hazikufungua kitu. Alihamishwa ofisi mara kumi na moja. Walimweka stoo ya chaki. Walimweka chumba cha madawati mabovu. Mwaka mmoja walimweka nyuma ya jiko la shule, na mafaili yake yananuka moshi hadi leo. Kila alipohamishwa alipewa ufunguo mpya, na hakuna aliyemdai wa zamani. Ofisi ya kumi na mbili, ya mwisho, haikuwa na mlango, kwa hiyo haikuhitaji ufunguo.

Wasikilizaji wapendwa, mimi si mtu wa kupandisha sauti. Wenzangu hapa studio huniambia nisogelee maikrofoni. Leo nimeisogelea.

Desturi ya kuangusha funguo ilianza kwa kosa. Kosa lake mwenyewe. Hakulificha, nami sitalificha.

Miaka ishirini iliyopita alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Darasani mwake alikuwamo msichana asiyeitika akiitwa. Akiambiwa simama, anakaa. Akiambiwa kaa, anatazama wenzake kwanza. Mwalimu alimhamishia dawati la nyuma asiwasumbue wengine. Mwisho wa muhula, kwenye ripoti, pale panapoandikwa tabia ya mwanafunzi, akaandika methali: Sikio la kufa halisikii dawa. Baba wa mtoto aliisoma. Siku hiyo mtoto alichapwa.

Muhula uliofuata, funguo za kabati zikamponyoka mwalimu. Darasa zima likageuka. Msichana wa nyuma hakugeuka. Mwalimu akaziokota, akaziangusha tena, makusudi, hatua mbili nyuma ya yule mtoto. Hakugeuka.

Mumewe ni fundi saa. Nilimkuta dukani kwake, lenzi jichoni, saa ya mtu imefumuliwa mezani. Anakumbuka vizuri siku ile.

"Alirudi nyumbani mchana, vipindi viwili hajafundisha. Akaniambia, 'Baba watoto, nimeandika methali juu ya sikio la mtoto, na sikio lenyewe lilikuwa halisikii.' Nikamwambia hukujua. Akasema, 'Sikuuliza. Kutojua na kutouliza ni vitu viwili.'"

Msichana yule sasa ni fundi cherehani. Ana kifaa cha kusikia nyuma ya sikio, na akichoka na wateja wanaokuja kulalamika, anakizima. Alinionyesha jinsi anavyokizima huku akitabasamu. Aliniambia kwamba mwalimu alikwenda nyumbani kwao kuomba radhi.

"Alisimama mbele ya baba akaongea sana. Mimi sikusikia hata neno. Niliona tu baba anatazama chini. Hapo nikajua kumbe sikuwa na kosa."

Kuanzia hapo Mama Funguo hakutaka tena kusikia methali ile. Ukiitamka mbele yake, alikuuliza: umelipima hilo sikio?

Sasa nakuja kwenye barua, na hapa naomba mnivumilie.

Aliandika barua tisa kwa afisa elimu wa wilaya. Tisa, kwa miaka mitano. Zote ziliomba jambo moja: kila mtoto wa darasa la kwanza apimwe masikio kabla mwalimu yeyote hajaandika neno juu ya tabia yake. Muuguzi yupo. Kifaa cha kupimia kipo, kimefungiwa kabatini kwenye kituo cha afya. Shule moja ingechukua asubuhi moja. Alichohitaji ni kibali.

Barua zote tisa zilijibiwa kwa maneno yaleyale: Suala lako linashughulikiwa.

Alikuwa akizipeleka mwenyewe, kwa mkono. Kiti cha wageni katika ofisi ile kilijaa mafaili, kwa hiyo alisimama. Miaka mitano alisimama. Alimwambia mumewe kwamba neno linashughulikiwa limepewa silabi nyingi ili mtu apotee njia kabla hajafika mwisho. Nyumbani likawa utani wao. Chai iko wapi, mama watoto? Inashughulikiwa. Na ile saa ya jirani? Nayo inashughulikiwa.

Alicheka, ndiyo. Lakini jamani, alichoka. Mwaka jana ofisi iliandaa semina ya elimu jumuishi. Waliiandaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Mwalimu mmoja anayetembea kwa magongo alibaki chini kwenye ngazi, na beji ya semina shingoni. Mama Funguo alipanda, akachukua kiti chake, akachukua birika la chai, akashuka navyo. Akafanyia semina yake pale chini. Walioifuata chai walijikuta wamejumuishwa.

Tulimzika siku ya Alhamisi. Jumatatu iliyofuata, siku ya nne, ofisi ilileta barua kwa mumewe. Nimeisoma. Ilimtaka arejeshe mali ya ofisi, yaani funguo kumi na moja. Barua zake tisa zilisubiri miaka mitano. Hii yao ilifika siku ya nne.

Nilimuuliza fundi saa alimjibu nini tarishi.

"Nilimwambia, kijana, kawaambie suala lao linashughulikiwa."

Na yule mtoto wa dirishani? Mwalimu wake alimhamishia dawati la mbele siku ileile. Ndiye aliyeandika barua ya kumi, ya kuomba mtoto huyu apimwe, na wenzake wote wapimwe. Jibu limefika. Sitalisoma. Mnalijua.

Kwa fundi saa, kwa wanawe, kwa walimu wa shule thelathini na moja: poleni sana. Mmeondokewa na mtu aliyekuwa akisumbua watu kwa faida ya watoto wasiojua kusumbua. Mungu awape subira, lakini isiwe subira ya kungojea majibu ya barua.

Nawe mzazi, nawe mwalimu unayenisikiliza, kabla hujamwita mtoto mkaidi, nenda ukasimame nyuma yake. Angusha kitu. Kijiko, kifuniko cha sufuria, chochote. Kisha tazama kama atageuka. Ndivyo Mama Funguo alivyomaanisha kujumuisha, wala haihitaji semina.

Kabla sijanyamaza, nina sauti moja ya kuwasikilizisha. Jana afisa elimu alikuja hapa studio kurekodi salamu za rambirambi. Fundi saa naye alikuwepo, ameketi pembeni, akisubiri zamu yake. Afisa alikuja na karatasi iliyochapwa. Alisoma vizuri tu, kwamba ofisi imepokea msiba kwa masikitiko makubwa, kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, na kwamba suala la kupima masikio ya watoto lilikuwa linashughulikiwa.

Hapo mtasikia mlio. Msishtuke, redio zenu ni nzima. Ni fundi saa ameinuka, ameziweka funguo mezani mbele ya afisa. Hakuzitupa. Aliziachia tu, na meza yetu ni ya bati. Mtamsikia akisema, "Mali yenu hii." Fundi mitambo alitaka kuukata mlio huo, nikamwomba auache. Sijui kama Jumatatu muuguzi atafika shuleni. Nitakwenda kuangalia. Lakini haya afisa aliyasema bila karatasi, na aliniruhusu niyarushe.

"Mzee wangu, halikuwa linashughulikiwa. Nilikuwa nimelikalia. Barua zote tisa, nilikuwa nimezikalia. Na mama watoto wako nilimwacha amesimama."