Zamu ya Jua

Benchi letu liko mbele ya karakana ya seremala, pale vumbi la mbao linapokufuata hadi ndani ya kikombe cha kahawa. Asubuhi ile nilifika na beseni. Ndani mlikuwa na mijusi wawili wa kufugwa, wale wenye ndevu za miiba, mali ya mjukuu wangu. Alisafiri akaniachia, na kesho yake alikuwa anarudi. Tenki lao la kioo lilinipasukia nikilisafisha, na yule mdogo alikuwa hataki kula, ndevu zimemgeuka nyeusi kama masizi. Nikasema nataka nyumba leo hii, moja ya wote wawili, maana wanapendana hao: mkubwa halali ila juu ya mgongo wa mwenzake.

Seremala akasema mbao ndizo zinazotunza joto. Fundi vioo, tunayemwita Mng'aro, akamkatiza kwamba mbao zinakunywa maji, zitaoza. Seremala akasema kwenye kioo mjusi anajiona, anadhani kaja adui. Basi, akasema Mng'aro, tuweke vioo vya kujitazamia pande zote, aone ukoo mzima, azoee. Seremala naye akapandisha dau: atajenga ghorofa, taa ya joto juu, kivuli chini, ngazi katikati, na baraza.

— Baraza la nini, wapokee wageni?

— Wewe dirisha la zahanati limekushinda, nyamaza.

Wakasimama, huyu na tepu yake, huyu na kisu chake cha kukatia vioo. Mimi macho yangu kwenye beseni.

— Wanangu, mnabishana, na huyu ananiondokea.

Hapo akafika mke wa Mng'aro kumletea mumewe funguo. Akainama kutazama. Nikamsimulia mapenzi ya wale wawili. Jua lilikuwa linampiga mkubwa mgongoni; wa chini haonekani ila mkia.

— Mama, na huyu wa chini, zamu yake ya jua ni lini?

Seremala akamtazama Mng'aro. Mng'aro akanitazama mimi. Na mimi, niliyeshinda nao siku zote hizo, sikuwahi kumwona mdogo akiwa juu.

Nikamnyanyua mkubwa, akanikwaruza, nikamfunga kwenye kanga. Mdogo akabaki bapa kama gome lililobanduka. Jua likamfikia. Hakuna aliyegusa kahawa. Tukangoja, tukangoja, mpaka akafungua jicho moja, akalifumba tena.

Seremala akaulaza ubao wake mrefu mezani, akaukata katikati bila kumwuliza mtu. Mng'aro akamshikia upande wa pili.

— Tuanze na nyumba ya nani, mama?

— Ya huyu. Mwenzake atangoja.