Meza ya Marumaru Aliyoing'arisha Mzee Zedekiah

Wachungaji, ndugu, majirani, na nyote mliokuja kutushika mkono, historia hii imeandikwa na inasomwa na kitinda mimba wa marehemu, Jacklyne, kwa niaba ya familia.

Mzee Zedekiah Opicho alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Funyula, Busia, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Odera, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1967, karo ikakatika, akaingia Nairobi mwaka 1970 akiwa na shati moja la kuvaa na jingine la kufua, kama alivyopenda kusema mwenyewe.

Alianza kwa kibarua cha kusugua sakafu za terazo, zile za saruji na vipande vya mawe, ambako fundi Matheka alimfundisha kazi aliyoifanya maisha yake yote, ya kurudishia sura meza na viti vya mawe vilivyochakaa, kwa maji, msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, na nta mwisho, na nyumbani mtaa wa Umoja, alikohamia mwaka 1979, hakuna aliyethubutu kuweka kikombe cha chai juu ya jiwe lake bila kitambaa.

Alifunga ndoa na Mama Truphena tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watano na wajukuu tisa, wote mnawaona hapa.

Mwaka 2008 kanisa lilimkabidhi meza ya marumaru ya ushirika, iliyokuwa imefubaa kwa moshi wa mishumaa na mikono ya watu wa miaka mingi, akaifanyia kazi wiki sita, na Jumapili ya tarehe 7 Desemba waumini walipanga foleni kujitazama nyuso juu yake.

Katika karatasi mlizo nazo imeandikwa kwamba baada ya hapo aliacha kazi za kanisa kwa sababu ya umri, maneno aliyoyaandika Jacklyne mwenyewe, na si ya kweli.

Jumamosi iliyofuata, Jacklyne, akiwa na miaka kumi na sita na zamu ya usafi, aliona doa la divai kwenye ile meza, akalisugua kwa limau na majivu kama anavyosugua sufuria, akaenda zake ameridhika, asijue kwamba limau hula marumaru. Kesho yake meza ilikuwa na bato, doa pana jeupe lililokwaruza kidole, wazee wa kanisa wakasema fundi ametumia nta ya ovyo, naye Mzee akaja, akapitisha kidole gumba juu ya lile bato, akamtazama bintiye aliyesimama na kwaya, kisha akawaambia, "Ni mimi, nta haikuwa nzuri, nipeni nirudie."

Hawakumpa. Meza ilifunikwa kitambaa kizito, viti vya mawe vya kanisa alivyoahidiwa kuving'arisha akapewa fundi mwingine, mtaani wakamtania kwamba sasa ang'arishe mawe ya kufulia, na kwa miaka kumi na sita Mzee alikaa kiti cha nyuma kabisa na kutoka kabla ya baraka. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Mzee kilikuwa kimevaa joho la kwaya. Nyumbani alilitaja jambo hilo mara moja tu, jioni ile ile, akasema, "Limau ni ya samaki, Jacky," akaomba chakula, naye Jacklyne akampakulia bila kumtazama, na tangu hapo amekuwa na aibu.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2022, madaktari wakasema ni vumbi la mawe, akalazwa tarehe 9 Januari 2025, na mara sita Jacklyne alikaa kando ya kitanda akiwa na maneno tayari mdomoni, na mara sita akaishia kumlisha uji, hadi Mzee alipotutoka tarehe 27 Januari saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na jirani yetu Mama Batulo aliyemletea supu ya mbuzi kutoka soko la Kiamaiko kila Ijumaa. Wazee wa kanisa nao tunawashukuru kwa kuja, na tunawaomba wakirudi waifunue ile meza, na wakiulizwa lile bato ni la nani, wamtaje Jacklyne.

Pumzika kwa amani, Baba. Nta ilikuwa nzuri.