Daktari Aliyetangulia Kunywa

Ndugu zangu, mmeona leo nimekaa katikati yenu. Zamani ningechagua pale mlangoni, upepo unakopita.

Bomu lilianguka karibu na soko, kipande kikanipasua utumbo. Waliniokoa, lakini nilipoamka choo kilikuwa kinatokea ubavuni na kuingia katika mfuko. Niliacha kuuza vitenge. Niliacha kwenda harusini. Mtu akikunja pua, hata kwa vumbi, nilijua ni mimi.

Ukafika wakati wa kurudisha utumbo ndani. Shemeji yangu aliyekimbilia Nairobi akanionya kwa simu: "Usikubali kupasuliwa! Huku wanatoboa matundu madogo tu, wanaingiza kamera. Anayetaka kufungua tumbo lote ana lake jambo."

Nawaambia, vita vilikuwa vimetufundisha kumpima mtu kabla ya kumsalimu, na daktari wetu hakuwa wa upande wetu. Nilale usingizi, yeye ashike kisu?

Nikamwuliza kwa ukali. Akajibu, "Mama, shemeji hakudanganya. Matundu madogo yana maumivu machache, na mtu anainuka mapema. Lakini hapa hatuna mashine hiyo. Na tumbo lililopigwa kama lako huenda limegandana ndani. Hata wenye mashine, wakikuta hivyo, mara nyingi wanaishia kufungua."

Nikasema moyoni: huyu anajua kusema.

Jioni ya kuamkia upasuaji, alileta mwenyewe kikombe cha dawa ya kusafisha tumbo. Nikafunga mdomo.

"Apana, dogta. Kwetu mwenye kinywaji anaonja kwanza."

Muuguzi akaruka. "We mama! Hiyo ni ya kuharisha!"

Daktari alinitazama. Kisha akapiga mafunda mawili makubwa, akapangusa midomo. "Haya. We una mfuko wako, mama. Mi nitafika nyumbani namna gani?"

Hakuna aliyewahi kuutania mfuko ule mbele yangu. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, nikanywa.

Asubuhi alifungua kovu lilelile la upasuaji wa kwanza. Kila kikohozi kilinichana. Matundu madogo yangeniumiza kidogo, sikatai. Lakini siku nilipotoa upepo kwa njia yangu ya asili, wodi nzima ilipiga vigelegele.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru dada yangu, aliyeosha mifuko bila kugeuza uso. Nanyi, mkiwa na shaka, msiilee kimya kama mimi mwanzoni. Isemeni mbele ya huyo mnayemshuku, mtazame atafanya nini.

Sasa naona chai imeletwa. Asanteni. Tangulieni nyinyi.