Wa Kukanyaga Mafuta

Basi la kwenda Quilpie, mji mdogo huko ndani Australia, lilikuwa na abiria watatu tu, na bado wale wengine wawili wakachagua kukaa mbele yangu. Mzee wa kofia pana alikuwa akimlalamikia jirani yake, mama mwenye kucha nyeusi za grisi, kwamba pikapu yake ya dizeli haivuti. "Turbo imekufa," alisema. "Kilima kidogo tu, moshi mweusi, inahema."

"Imekufa, umeizika wewe?" mama akamjibu. "Huo ni mpira wa kupeleka hewa kwenye injini umepasuka. Injini ikitulia, ufa unajifunga. Ukikanyaga mafuta unafunguka, na upepo wa turbo wote unavujia nje. Mmoja akanyage, mwingine ainame kwenye boneti asikilize."

"Nakwambia ni turbo."

"Mbishi wewe! Umesikiliza?"

Mzee akaugeukia mkate wake wa nyama, ambao kwa harufu yake nao ulikufa zamani. "Naishi peke yangu, mama. Tangu mke wangu Beryl afariki."

"Basi weka tofali kwenye pedeli."

"Niliweka. Nikausikia mlio, fuuu, pale pale kwenye mpira. Nikafurahi, nikapaza sauti: 'Beryl, zima!'"

Mama akageuka kumtazama. Hata mimi niliacha kujifanya nimelala.

"Injini ikaendelea kunguruma tu," mzee akasema.

Basi likasimama kwenye geti la mzee, ambapo hapakuwa na mtu wala mbwa. Akavaa kofia vizuri.

"Ni turbo," akasema, akashuka.