Miaka Thelathini na Moja Nyuma ya Tairi la Kushoto

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mkaguzi wetu wa maegesho ya ufukweni atarudisha kofia, filimbi na kitabu cha tiketi, na kustaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Ofisini tunamwita Mama Chaki. Madereva wanamwita majina mengine, ambayo mhariri wa jarida hili amekataa kuyachapa.

Anayeandika haya ni mtu wa dawati la malalamiko. Kwa miaka kumi na tisa, kila aliyekasirishwa na Mama Chaki amekuja kumalizia hasira zake mbele yangu. Kwa hiyo nathubutu kusema hakuna anayemjua kuliko mimi, ukimtoa mumewe kinyozi, ambaye naye nina barua zake mbili za malalamiko kwenye faili. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao Mama Chaki alimwandikia mumewe tiketi saa sita mchana, na saa saba akampelekea chakula alichompikia mwenyewe. Mume alikula chote, akafuta mdomo, ndipo akaja kulalamika.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, mambo yako hivi. Ufukweni maegesho karibu yote ni ya kulipia, isipokuwa nafasi ishirini na mbili za bure nyuma ya kituo cha pampu za maji. Sharti lake ni moja tu: gari lisikae zaidi ya saa tatu. Kazi ya Mama Chaki ilikuwa kupita akiweka alama ya chaki ya njano kwenye tairi la nyuma la kushoto, kisha kurudi muda ukiisha kuona kama gari limeondoka. Ukiisikia unaona kazi rahisi. Lakini mpe binadamu kitu cha bure uone akili zake zinavyochemka.

Kulikuwa na daktari wa meno aliyetoka kliniki kila baada ya saa tatu, glavu mkononi, kulisogeza gari lake nusu mita, huku mgonjwa amebaki kwenye kiti mdomo wazi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyebandika karatasi kwenye kioo, “Gari bovu, fundi anakuja.” Wiki ya kwanza Mama Chaki alimwonea huruma. Wiki ya pili akampa pole. Wiki ya tatu alikuja na fundi. Gari liliwaka kwa ufunguo wa kwanza, na fundi akaomba alipwe nauli.

Wengi walikimbilia kufuta chaki. Hapo ndipo walipomjua. Mama Chaki alikuwa ameacha kuitegemea chaki zamani sana. Aliipaka ili watu wapate cha kufuta. Alichokiandika kwenye daftari lake ni mahali ulipoelekea ule mdomo wa kujazia upepo kwenye tairi. Kama asubuhi ulitazama juu na alasiri bado unatazama juu, basi gari halijaenda popote, hata uape mbele ya umati. Watu wawili tu katika miaka yote hiyo wamewahi kuniambia kwamba gari liliondoka, likarudi, na tairi likasimama pale pale kwa bahati. Mmoja wao alikuwa shemeji yake.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mkali kwa kila mmoja. Mgeni akionekana anazunguka na watoto wamebanana kiti cha nyuma na boya, alimsimamisha, akamwelekeza nafasi iliyokuwa karibu kufunguka, tena akamtajia na muda: “Lile jeupe linatoka sasa hivi, mama mwenyewe anatikisa mchanga kwenye viatu.” Lakini sisi wafanyakazi tukimuuliza nafasi iko wapi, alitutazama miguuni. “Mdogo wangu,” aliniambia siku moja, “wewe una miguu miwili na ofisi ina ngazi ya mbele. Unataka nini tena?”

Sasa nifike pale ambapo wengine mngependa niparuke.

Miaka miwili iliyopita kamati ilipanga kuzifuta nafasi zote za bure. Sababu iliyotolewa ni kwamba wananchi hawazifaidi, kwa kuwa magari yale yale hukaa pale kutwa nzima. Wakati huohuo kulikuwa na mzee mmoja, tarishi mstaafu, aliyepatwa na ugonjwa wa kupooza mguu wa kushoto. Daktari alimwagiza atembee ndani ya maji ya bahari kila asubuhi, yamfike kiunoni. Binti yake alimleta kabla ya kwenda kazini. Nafasi hakuna. Walizunguka mara saba, mzee amevaa kaptura ya kuogelea na taulo shingoni, kisha wakarudi nyumbani. Kesho yake hivyo hivyo. Mama Chaki alikuja chumba cha chai akatusimulia habari za ile kaptura iliyorudi kavu siku tisa mfululizo. Sote tulitikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja wetu aliguna kabisa.

Magari yetu yalikuwa nyuma ya kituo cha pampu.

Mkuu wa idara akamteua Mama Chaki ahesabu magari kwa siku saba na kuiandikia kamati ripoti. Wakati huo jina lake lilikuwa limependekezwa kwa cheo cha usimamizi, na kila mtu alijua, yeye mwenyewe akiwemo, kwamba ripoti laini ingemsukuma na ripoti ngumu ingemkwamisha. Tulimwendea kwa zamu. Wengine walimletea andazi. Mimi nilimkumbusha kwamba mficha uchi hazai, nikimaanisha aombe anachokihitaji. Alinishukuru, akasema methali hiyo ni nzuri na ataitumia.

Siku ya kikao mwenyekiti wa kamati alipokea ripoti ya ukurasa mmoja yenye kiambatisho, akaanza kukisoma kwa sauti ya madaha. Ilikuwa orodha ya namba za magari. Kati ya nafasi ishirini na mbili, kumi na saba zilikaliwa kutwa na magari ya watumishi wa idara ya maegesho na ndugu zao. Kando ya kila namba palikuwa na maelezo. Langu lilikuwa la nne: “Mdomo wa upepo unatazama baharini, asubuhi na jioni. Chaki imefutwa kwa kitambaa cha bluu cha ofisi.” Mwenyekiti alisoma kwa raha mpaka namba ya kumi na moja. Hapo akanywa maji, akauliza kama ripoti haiwezi kupokelewa bila kiambatisho.

“Mheshimiwa,” Mama Chaki akasema, “ripoti ni kile kiambatisho. Ule ukurasa wa mbele ni salamu.”

Nafasi zikabaki za bure, kwa wananchi. Sisi tukahamishiwa nyuma ya ghala la nguzo za taa, mwendo wa robo saa, tena wa kupanda. Asubuhi ya kwanza tulikutana mlimani tukihema, hakuna aliyemsalimu mwenzake. Yule mzee tarishi aliingia majini wiki hiyohiyo. Mwaka huu ameacha fimbo.

Na Mama Chaki? Kwa miezi mitatu alikuta sukari imekwisha kila alipofika chumba cha chai. Cheo hakikuja. Watu walinong’ona kwamba wakubwa wamemlipizia, nami niliwaacha wanong’one.

Wakubwa hawakuhusika. Barua ya kumpandisha cheo ilitakiwa kupita kwenye dawati langu, niandike mstari mmoja kuthibitisha kwamba hana malalamiko yaliyothibitika. Hakuwa nayo hata moja katika miaka yote ya kazi yake. Nani angejua zaidi yangu? Niliiweka kwenye droo, chini ya kitambaa cha bluu, kwa sababu ya robo saa ya kupanda mlima. Nafasi ya cheo ikafungwa. Naliandika hili nikiona aibu, na ninalitaka lichapwe.

Mwezi uliopita mkuu alimwuliza nani arithi eneo lake. Akanitaja mimi. Nilimfuata korido nzima kumwuliza kulikoni. Alijibu kwamba mchawi mpe mwanao amlee, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. Alipoiokota akasema, “Na ile barua yangu, ukishamaliza kuisoma, uirudishe.” Alikuwa anajua. Alijua siku zote, na bado kila asubuhi alinisalimia.

Jumatatu niliandika ule mstari mmoja, nikapeleka barua kwa mikono yangu na kusimama mlangoni mpaka mkuu akaifungua tena nafasi ile na kutia saini. Kwa hiyo ninyi mtakaomkuta kazini siku hizi chache zilizobaki, mpeni heshima yake kamili: ni msimamizi wa maegesho, nami niko chini yake.

Mama, kwa niaba ya idara, ya daktari wa meno, ya mzee tarishi na binti yake, na ya yeyote aliyewahi kupata nafasi kwa sababu wewe ulikuwepo, asante. Nenda kapumzike na kinyozi wako, mle pamoja bila tiketi mezani, na miaka yako ya mbele iwe mirefu na myepesi, isiyohesabiwa na mtu yeyote. Mimi binafsi nakuomba radhi.

Na ile amri yako ya kwanza kama msimamizi, uliyonitumia leo saa nne asubuhi, imefika. Gari langu nimeshaliondoa nyuma ya kituo cha pampu.