Mpishi Aliyepanda Ngazi Hamsini na Mbili

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Aliyemtangulia ni dada yake, na kwa miaka sabini na minne wawili hao walibishana bila kuchoka wala kuachana.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka 1963. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kuongea hakuwa na mpinzani. Mwalimu alimwita Redio, na jina likamganda.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana. Alikaa jikoni miaka thelathini na mitatu, mbele ya masufuria makubwa na moshi wa kuni. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Alivuta jiko zima.

Huko ndiko alikoitwa seremala kutengeneza mlango wa stoo. Alirudi mara tano kuurekebisha. Mara ya sita Mama akamwambia, "Fundi, mlango ni mzima. Sema shida yako." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1973, wakajaliwa watoto wanne. Mimi ninayesoma hapa ndiye kitinda mimba.

Mwaka 2014 daktari alimwambia ana ugonjwa sugu wa mapafu: njia za hewa zimebana na hazitarudi kuwa kama zamani. Hapo sisi watoto tulifanya kosa, na naomba nilikiri mbele yenu. Tulimkataza kila kitu. Asifagie, asiinue hata birika! Akihema kidogo tu tunamrudisha kitini, mimi nikiwa askari mkuu. Baada ya miaka miwili akawa hafiki bafuni bila kushikwa. Tulidhani tunamtunza, kumbe tunammaliza. Kilichomuuma zaidi ni dada yake, aliyekuwa amevunjika nyonga, akabaki nyumbani kwake ghorofa ya tatu, hawezi kushuka. Mama naye hawezi kupanda. Zikabaki salamu za simu.

Jumanne tarehe 6 Septemba 2016 alijiunga na kikundi cha mazoezi cha wagonjwa wa mapafu hospitalini. Nilimvaa mtaalamu wa mazoezi: "Wewe unataka kuniulia mama!" Akanijibu taratibu, "Dada, kuhema si kufa. Misuli ikilala, ndipo pumzi inapokata haraka." Mama akanigeukia: "Umesikia? Haya, nishikie mkoba, nikaheme."

Alitembea kwenye korido, akainuka na kuketi kitini, akanyanyua chupa za maji, akapanda na kushuka kisanduku alichotengenezewa na Baba. Alijifunza kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, kama anayepoza chai. Mapafu hayakupona, miguu ndiyo iliyopata nguvu, na nguvu hizo zilimtosha.

Jumapili tarehe 6 Novemba alipanda ngazi zote hamsini na mbili, akipumzika mara sita. Mlangoni dada yake akasema, "Umechelewa, chai imepoa." Mama akainua kidole asubiriwe, akapumua weee, kisha akajibu, "Ipashe." Wakacheka huku wanalia. Tangu hapo, kila Jumapili aliyokuwa na nafuu, alipanda.

Mwezi Mei mwaka huu alipata nimonia. Alifariki hospitalini Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, wenzake kumi na mmoja wa mazoezi, ambao kwa ajili yao msafara utakwenda polepole, na dada yake. Shangazi zetu na majirani walimshauri dada huyo abaki nyumbani, ngazi ni nyingi. Akasema, "Miaka yote hiyo alinijia yeye. Leo ni zamu yangu. Nibebeni." Ndiye huyo hapo mbele, kwenye kiti.

Mama yetu alale salama, kwa amani ya Mungu.