Mwalimu Rahabu Mniko Limbu na Insha Aliyoiandika Upya (1967–2025)

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, wanafunzi wa zamani, majirani wa Kewanja na wote mliotoka mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mwalimu Rahabu hakupenda maelezo marefu, lakini alitaka kila jambo lifikishwe mwisho wake. Tutajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967 Nyamwaga, wilayani Tarime, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Mniko Nyamhanga na Mama Bhoke. Alikua kama watoto wenzake, akipalilia mahindi na kuchunga ndama. Mama yake husema kwamba Rahabu akisimuliwa hadithi alikuwa habanduki jikoni mpaka aambiwe imeishaje.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyamwaga kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari mjini Musoma, na mwaka 1991 akahitimu stashahada ya ualimu katika masomo ya Kiswahili na Historia. Alianza kazi Mugumu, wilayani Serengeti. Mwaka 2001 alihamia Shule ya Sekondari Nyabikondo, huku Tarime, akafundisha hapo mpaka mwili ulipokataa.

Waliosoma kwake wanaikumbuka kalamu yake nyekundu. Pembeni mwa kila sentensi iliyojisifu bila mfano kutoka kitabuni aliandika neno moja: "Thibitisha." Wanaikumbuka pia riwaya ya kijana Seba, mchunga ng'ombe anayekosana na baba yake na kuondoka kijijini. Shule ilikuwa na nakala moja tu, yenye jalada la kadibodi ya katoni ya sabuni. Nakala hiyo iliishia ukurasa wa 142, Seba akivuka mto bila kugeuka nyuma. Ukurasa ulimalizika na nukta, kwa hiyo hakuna aliyeshuku kwamba kurasa nyingine zilikuwa zimeng'oka. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2020, Mwalimu aliandika ubaoni kwamba kijana hukua siku anapovuka bila kugeuka. Wanafunzi walinakili, wakawaachia wadogo zao madaftari. Karatasi za majibu ya mtihani wa taifa hazirudi shuleni, hivyo hakuna aliyemwambia kwamba amekosea.

Tarehe 17 Desemba 1994 marehemu alifunga ndoa na Faustine Limbu, aliyetoka Shinyanga kutafuta dhahabu, akaichoka mapema na kufungua karakana ya useremala Mugumu. Walikutana kwa sababu ya dawati. Mwalimu alilirudisha mara tatu kwa kuwa lilikuwa linayumba.

"Mwalimu, dunia yenyewe haijanyooka," Faustine alimwambia.

"Basi wewe anza na dawati," akajibiwa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jackson mwaka 1996 na Teddy mwaka 2000. Jackson alisoma Nyabikondo, darasani kwa mama yake. Januari 2014, baada ya kugombana na baba yake aliyemtaka abaki karakana, alifunga begi. Mama yake alimfuata hadi getini akamwomba asubiri hasira zipoe.

"Mama, si wewe uliyetufundisha?" Jackson alisema. "Anayegeuka nyuma hajakua. Ulinipa kumi na tisa juu ya ishirini kwa sentensi hiyo."

Jackson alivuka mpaka pale Sirari, akapata kazi kwenye malori upande wa Kenya. Salamu zilikuja mwanzoni kwa midomo ya madereva, kisha zikapungua. Baba yake alipofariki mwaka 2019, hakuja.

Machi 2021 marehemu aliingia kununua chaki katika duka la Bwana Abdurahmani, mjini Tarime, ambaye yuko nasi leo. Sakafuni kulikuwa na boksi la vitabu vilivyotumika, na ndani yake riwaya ya Seba, nzima. Alifungua ukurasa wa 143 akasoma amesimama.

"Mwalimu, chukua kiti," Bwana Abdurahmani alimwambia. "Unasoma kama mtu aliyepata barua ya mahakama."

"Kitabu hiki hakiishi pale kilipoishia."

"Vitabu vya kwangu vyote vinaisha. Kama chako hakikuisha, ulinunua kwingine."

Katika sura hiyo ya mwisho, Seba anarudi. Anamkuta mama yake jikoni akipepeta mtama. Mama haulizi alikuwa wapi. Anamsogezea kigoda, na Seba anakaa, huku majirani wakichungulia mlangoni.

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na kazi moja. Aliandika uhakiki mpya wa riwaya ile ili kuwarudishia wanafunzi wake kile alichowanyima, na zaidi ya wote Jackson. Kuandika kulimchosha. Rasimu ya kwanza ilidai kwamba kijana hukua anaporudi. Aliikata yote kwa kalamu nyekundu, akasema amegeuza shati tu, doa liko pale pale, maana mtu anaweza kurudi kwa sababu ya njaa. Akaanza tena kutoka ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa 12 akamwona Seba akikataa kukaa kwenye kigoda kile kwa madai kwamba ni cha watoto. Katika kurasa zote zinazofuata, Seba hakai mahali popote. Anasimama, anaegemea, anatembea. Hapo ndipo Mwalimu alipopata hoja yake, na tunaisoma kama alivyoiandika: "Seba hakukua kwa kuondoka, wala hakukua kwa kurudi tu. Alikua siku alipoweza kukaa akitazamwa na watu waliojua kwamba ameshindwa, na asiinuke."

Binti yake, Teddy, alipotoka chuo kikuu alijitolea kuinyoosha insha kwa istilahi alizojifunza. Mama yake alisoma nusu ukurasa akaurudisha. "Usinipambie, mwanangu. Nimechoka, sijapotea."

Insha ilifika kurasa tisa. Alitoa nakala akazigawa mwenyewe kwa wanafunzi wake wa zamani, sokoni, zahanati na kwenye kijiwe cha bodaboda. Dullah, anayeendesha bodaboda hapa Kewanja, alijaribu kukataa.

"Mwalimu, mimi nilipata F. Hayo ya mwisho hayanihusu."

"Ulipata F kwa kitabu nusu, Dullah. Shika."

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Kuanzia Agosti 2023 alisafishwa damu Mwanza mara mbili kwa wiki, akifikia kwa mdogo wake, na kila alipopata nafuu alirudi Kewanja. Barabara ile aliijua matuta yake yote. Alipoulizwa hali alijibu, "Nipo," na siku nyingine hata hilo lilimtoa jasho. Tunawashukuru wauguzi na wote waliompakata njiani.

Septemba 2024 alimpa nakala Kezia, mwanafunzi wake wa zamani anayebadilisha fedha Sirari. "Malori yote yanapita mbele yako," alimwambia. "Ukimwona, mpe. Usimwambie naumwa. Asije kwa sababu hiyo."

Desemba insha ilirudi kwa mkono wa Kezia. Hapakuwa na barua. Pembeni mwa ile hoja ya kigoda palikuwa na neno moja la wino mwekundu: "Thibitisha."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Huyu nimemfundisha mwenyewe," alisema. Kisha akaifuta aya yake ya mwisho, akaacha nafasi wazi. Teddy alipomuuliza kwa nini, alisema ushahidi haujafika, na mwalimu hamalizii insha kwa matumaini.

Mwezi Februari alishindwa safari za Mwanza. Alifariki dunia nyumbani kwake Kewanja, Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 57. Nafasi ile ilikuwa bado wazi.

Kezia alipeleka habari mpakani siku hiyo hiyo. Alhamisi mchana Jackson aliingia getini kwa miguu. Alipita turubai lililojaa wajomba, majirani na walimu wake, wote wakimtazama, akaenda moja kwa moja jikoni. Mama mdogo Generoza, aliyekuwa akichambua maharage, hakumuuliza alikuwa wapi. Alimsogezea kigoda. Jackson alikaa. Watu walijaa mlangoni, wengine wakisema mambo ambayo hayafai kuandikwa hapa, na yeye hakuinuka. Kulipokucha Ijumaa alikuwa bado pale. Aliomba insha na kalamu, akaandika mistari miwili kwenye nafasi iliyoachwa. Mistari hiyo inazikwa pamoja na mama yake, haitasomwa.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Bibi Bhoke, ndugu watatu, watoto wawili, yaani Teddy na Jackson aliyekaa mbele yetu, na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini na zaidi, ambao tunawaomba waende wakaisome sura ya mwisho.

Mwalimu, kazi imesahihishwa. Weka kalamu chini, upumzike kwa amani.